Kiendelezi Kiko Tayari: Ukichapishe Duka Gani?

Swali hili halikomi kuja, maneno yakibadilika kidogo tu. Mmoja yuko Sena, kisiwani Mfangano, ameandika kiendelezi cha kuharakisha kazi ya kuunganisha tovuti na M-Pesa. Mwingine yuko Migori mjini, ametengeneza mpangilio wa rangi unaosomeka hata ukikaa nje juani. Wa tatu yuko chuoni Homa Bay, ana kikagua tahajia cha Dholuo. Viendelezi vyao vinafanya kazi vizuri kwenye kompyuta zao wenyewe, na wote wamekwama pale pale: nikipeleke wapi ili watu wakipate?

Makala hii haifundishi kuandika kiendelezi. Inaanzia pale ulipomaliza kukiandika.

Jibu kwa mwenye haraka

Kama kiendelezi chako ni cha VS Code, fanya hivi:

- Kichapishe kwenye duka la Microsoft, Visual Studio Marketplace.
- Faili ile ile, siku ile ile, ipeleke pia Open VSX.
- Weka nakala ya faili hiyo kwenye hazina yako ya GitHub kwa wasio na intaneti ya uhakika.

Kuchapisha kote huko ni bure. Kazi ya ziada ya kupeleka sehemu tatu badala ya moja ni ndogo ukishajipanga. Kama una nafasi ya kwenda sehemu moja tu kwa sasa, endelea kusoma, maana jibu linategemea ni nani atakayekitumia.

Anza na mtumiaji

Wengi hudhani duka ni moja. Ukifungua VS Code na kubofya alama ya viendelezi, unaona orodha moja, basi unaamini dunia nzima inaona orodha hiyo. Sivyo.

Msimbo wa VS Code uko wazi kwa leseni ya MIT, kwa hiyo watu wengine wameuchukua na kujenga vihariri vyao: VSCodium, Cursor, Windsurf na vinginevyo. Lakini masharti ya Microsoft yanasema viendelezi vilivyo dukani mwake vitumiwe na bidhaa za Microsoft peke yake. Ndiyo maana vihariri hivyo vingine huchota kutoka Open VSX, sajili inayosimamiwa na Eclipse Foundation. Aliye na Cursor akikitafuta kiendelezi ulichopeleka kwa Microsoft pekee, hatakiona, na hatajua kwamba kipo.

Mvuvi aliyepata mbuta huitua kwenye ufuo wenye wanunuzi na barafu, hata kama ufuo wa jirani una jina kubwa zaidi. Nawe jiulize haya kabla ya kufungua akaunti yoyote:

1. Watu kumi wa kwanza watakaokitumia ni kina nani? Wanafunzi wenzako? Wateja? Wageni usiowajua?
2. Wanatumia kihariri kipi? Usikisie. Waulize.
3. Kompyuta zao ziko kwenye intaneti muda wote, au hupata bando mara mojamoja?
4. Je, kuna aliyekwisha kutengeneza kitu kama hicho? Kama yupo na anapokea michango, huenda kazi yako ikafika mbali zaidi ikiingia ndani ya kiendelezi chake.

Ukipata majibu ya maswali manne hayo, nusu ya uamuzi imekwisha.

Duka la Microsoft, hatua kwa hatua

Hapa ndipo penye watumiaji wengi wa VS Code, na kwa anayeanza ndipo pa kwanza.

1. Fungua akaunti ya Microsoft kama huna.
2. Nenda marketplace.visualstudio.com/manage, uunde mchapishaji. Kitambulisho cha mchapishaji hakibadilishwi baadaye. Chagua jina utakaloweza kumtajia mwajiri miaka mitano ijayo bila kuona haya.
3. Fungua faili ya `package.json` uhakikishe ina `publisher` inayolingana na kitambulisho chako, pamoja na `version`, `engines`, `license`, `repository` na `icon`. Picha ya nembo iwe PNG ya angalau pikseli 128 kwa 128, SVG haikubaliwi.
4. Andika upya `README.md`. Ukiacha maneno ya mfano yaliyokuja na kiolezo, chombo cha kufungasha kitakukatalia.
5. Kwenye terminali andika `npx @vscode/vsce package`. Utapata faili moja yenye kiambishi `.vsix`.
6. Rudi kwenye ukurasa wa mchapishaji, upakie faili hiyo kupitia kivinjari.

Hatua ya sita wengi huiruka, kwa sababu maelekezo mengi huanza kwa kukutaka utengeneze tokeni ya Azure DevOps ndipo uchapishe kwa amri. Tokeni ina faida yake ukishakuwa unatoa matoleo mara kwa mara. Kwa toleo la kwanza huihitaji. Kupakia kwa mkono kunatosha, na unabaki bila siri ya kulinda.

Baada ya kupakia, subiri. Duka hukagua kila kifurushi kama kina programu hasidi kabla ya kukiweka hadharani. Usipakie tena kwa wasiwasi.

Open VSX, hatua kwa hatua

Hapa makaratasi ni mengi zaidi kidogo, lakini hufanywa mara moja tu.

1. Uwe na akaunti ya GitHub. Kisha fungua akaunti ya Eclipse, na humo ndani ujaze jina lako la GitHub lilivyo, herufi kwa herufi.
2. Ingia open-vsx.org kwa GitHub, uunganishe akaunti ya Eclipse, usome na kutia saini makubaliano ya mchapishaji.
3. Tengeneza tokeni. Inaonyeshwa mara moja tu, kwa hiyo inakili papo hapo na kuihifadhi kwenye kitunza nywila.
4. Sajili jina la mchapishaji kwa amri ya `npx ovsx create-namespace`. Tumia jina lile lile ulilolitumia kwa Microsoft.
5. Chapisha kwa `npx ovsx publish` ukifuatisha jina la faili yako ya `.vsix`.
6. Omba umiliki wa jina hilo kwa kufungua ombi kwenye hazina ya EclipseFdn/open-vsx.org huko GitHub.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika sana. Kulisajili jina hakukufanyi mmiliki wake. Usipoomba umiliki, ukurasa wa kiendelezi chako utabaki na alama ya tahadhari, na mgeni makini ataiona na kuondoka.

Jambo jingine: Open VSX haipokei kiendelezi kisicho na leseni. Kama hujui uchague ipi, na lengo lako ni watu wakitumie kwa uhuru, MIT inatosha. Weka faili ya `LICENSE` kwenye folda kuu.

Faili mkononi, kwa walio mbali na mtandao

Msomaji wa mjini anaweza kuiruka sehemu hii. Wa Mfangano, Takawiri au Remba asiiruke.

Faili ya `.vsix` haihitaji duka. Anayeipokea hufungua ukurasa wa viendelezi ndani ya VS Code, hubofya nukta tatu juu, huchagua kusakinisha kutoka faili, basi. Au huandika `code --install-extension` na jina la faili. Unaweza kuituma kwa WhatsApp kama hati, kuipitisha kwa Bluetooth, au kuibeba kwenye flashi hadi maabara ya shule isiyo na intaneti kabisa.

Ukitumia njia hii, zingatia:

- Haijisasishi. Kiendelezi kilichosakinishwa kutoka faili huwa kimezimiwa usasishaji wa moja kwa moja. Waambie watumiaji wako hivyo, na uweke nambari ya toleo kwenye jina la faili.
- Ukubwa. Kiendelezi cha vijisehemu vya msimbo hakipaswi kuzidi kilobaiti chache. Kikifika megabaiti kumi, umefungasha kitu kisichohitajika, na mara nyingi ni folda ya `node_modules`.
- Chanzo kimoja. Weka kila toleo kwenye ukurasa wa matoleo wa hazina yako ya GitHub. Nakala zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hazina mwenyewe, na yeyote anaweza kuingiza chake humo.

Na kama bando ni tatizo kwako mwenyewe, kuna njia ya kulipunguza. Badala ya kufungasha na kupakia kutoka kwenye kompyuta yako, tuma msimbo pekee kwenda GitHub, kisha uiachie GitHub Actions ifungashe na kuchapisha kwenye maduka yote mawili. Ikishapangwa, toleo jipya hukugharimu data ya mistari uliyobadilisha tu, na umeme ukikatika katikati ya kazi, kazi yenyewe inaendelea huko iliko.

Kama watumiaji wako hawatumii VS Code

Kiendelezi cha VS Code hakihamii kwenye kihariri kingine bila kuandikwa upya. Kabla ya kukubali kazi hiyo, fahamu mlango wa kila kihariri:

- JetBrains na Android Studio. Android Studio imejengwa juu ya IntelliJ, kwa hiyo zote mbili huchota kutoka JetBrains Marketplace. Programu huandikwa kwa Kotlin au Java, na toleo la kwanza hukaguliwa na wafanyakazi wa duka kabla ya kutoka. Duka hili pia huruhusu kuuza.
- Sublime Text. Hupitia Package Control. Unatuma ombi la kuongezwa kwenye orodha yao huko GitHub.
- Zed. Nayo huongezwa kwa ombi kwenye hazina ya viendelezi vyao. Ukihitaji msimbo wenye mantiki, utauandika kwa Rust.
- Emacs. Wengi hupitia MELPA.
- Vim na Neovim. Hazina ya GitHub yenyewe ndiyo duka. Maelezo mazuri yanatosha.

Ushauri wangu: usiandike toleo la kihariri cha pili mpaka mtu halisi akuombe. Anayedumisha viendelezi vitatu peke yake huishia kuvitelekeza vyote vitatu.

Makosa yanayojirudia

*1. Kufungasha siri.* Chukua mfano wa kiendelezi cha M-Pesa. Ili kujaribu kama ombi la malipo linafika kwenye simu, mwandishi ameweka funguo zake za Daraja, jukwaa la Safaricom la wasanidi, kwenye faili ya `.env`. Kiendelezi kinafanya kazi, anafungasha, anachapisha. Faili ya `.vsix` ni zip ya kawaida: yeyote anaweza kuifungua na kusoma kilichomo. Matoleo mapya ya chombo cha kufungasha hujaribu kuzinasa siri za namna hiyo, lakini usiutegemee mtego huo.

Kinga yake ni amri moja. Kabla ya kufungasha, andika `npx @vscode/vsce ls`. Itakuorodheshea kila faili itakayoingia, mfano:

- `package.json`
- `README.md`
- `snippets/stk.json`
- `.env`
- `picha/ufuo-wa-sena.jpg`

Mbili za mwisho hazina kazi humo. Ziandike kwenye `.vscodeignore`, urudie amri, uhakikishe zimetoweka. Na kama funguo zilishatoka hadharani, kufuta toleo hakusaidii. Zibatilishe huko zilikotoka na utengeneze nyingine.

*2. Majina mawili tofauti.* Ukijiita hivi kwa Microsoft na vile Open VSX, mtumiaji hawezi kujua kama ni wewe yule yule.

*3. Kuanza na toleo 1.0.0 lisilojaribiwa.* Nambari ya toleo ikishachapishwa haitumiki tena kwa faili nyingine. Anza na 0.1.0, wape watu wachache, kisha panda. Kumbuka pia kwamba duka la Microsoft halikubali nambari zenye mkia kama `1.0.0-beta`.

*4. Kudai VS Code mpya kupita kiasi.* Ukiandika toleo la jana kwenye `engines`, mwenye kompyuta ya chuo isiyosasishwa hataweza kusakinisha. Weka toleo la chini kabisa ambalo kiendelezi chako kinalihitaji kweli.

*5. README ya mistari miwili.* Mtu hukupa nusu dakika. Mwonyeshe picha moja ya kiendelezi kikifanya kazi: ameandika `stk`, na mistari ya ombi la malipo imejaa yenyewe. Kama wasomaji wako ni wa hapa kwetu, andika Kiswahili kwanza na Kiingereza chini yake.

*6. Kufuta badala ya kuondoa.* Ukijuta kuchapisha, kwa Microsoft unaweza kukiondoa kiendelezi kisionekane huku takwimu zikibaki. Kukifuta kabisa hakuna kurudi nyuma.

Linda tokeni yako kama PIN ya M-Pesa

Tokeni ya kuchapisha humruhusu aliye nayo kutoa toleo jipya kwa jina lako, na toleo hilo hujisakinisha lenyewe kwa watumiaji wako wengi. Oktoba 2025 wachunguzi wa Koi Security walifichua programu hasidi waliyoiita GlassWorm, iliyosambaa kupitia viendelezi vya Open VSX. Iliiba tokeni za wasanidi kwenye kompyuta ilizoingia, ili ipate kujipachika kwenye viendelezi vingine zaidi.

Kwa hiyo:

- Usiandike tokeni ndani ya amri yenyewe. Terminali hutunza kumbukumbu ya amri. Tumia vigezo vya mazingira `VSCE_PAT` na `OVSX_PAT`.
- Kwa GitHub Actions, iweke kwenye sehemu ya siri ya hazina, kamwe si kwenye faili ya mpangilio.
- Ipe tokeni ya Azure DevOps muda mfupi na ruhusa ya kuchapisha tu.
- Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye GitHub na Microsoft.
- Ukitumia kompyuta ya watu wengi, iwe saiba ya Mbita au kituo cha jamii kama Ekialo Kiona pale Mfangano, usichapishe kwa tokeni. Pakia kwa kivinjari kwenye dirisha la faragha, kisha utoke kwenye akaunti.

Pingamizi mnazozileta

*"Watumiaji wangu wote wako VS Code. Open VSX ya nini?"*

Ya kulilinda jina. Julai 2025 kampuni ya Kaspersky ilieleza kisa cha msanidi wa sarafu za kidijitali nchini Urusi aliyekuwa akitumia Cursor. Alitafuta kiendelezi cha lugha ya Solidity kwenye Open VSX, akasakinisha cha bandia kilichotangulia cha kweli kwenye matokeo, akapoteza takriban dola 500,000. Baadaye wezi hao walichapisha kingine kwa jina la mchapishaji lililofanana na la mwenyewe, herufi moja tu ikiwa imebadilishwa kwa inayofanana nayo machoni. Kujisajili mapema hakuzuii hila zote, ila mtu hawezi tena kuchukua jina lako lilivyo.

*"Kwa hiyo Open VSX si salama, niiache?"*

Viendelezi hasidi vimewahi kukutwa kwenye maduka yote mawili. Ukikaa nje hupunguzi hatari kwa mtumiaji wa Cursor. Unamwachia bandia pekee.

*"Nitapataje pesa?"*

Duka la Microsoft halikusanyi malipo kwa viendelezi vya VS Code. Unaweza kuweka kiungo cha kuchangiwa, na PayPal hutoa fedha kwenda M-Pesa tangu 2018. Lakini usipange bajeti kwa michango. Faida ya uhakika zaidi ni kazi: mteja anayetaka kuunganishiwa malipo ataamini zaidi aliyechapisha chombo cha kazi hiyo hiyo.

*"Nitapataje alama ya kuthibitishwa?"*

Kwa Microsoft unahitaji jina la tovuti unalolimiliki, na jina hilo pamoja na kiendelezi chako viwe na umri wa angalau miezi sita. Kwa hiyo usisubiri alama ndipo uchapishe. Saa haianzi kuhesabu mpaka uchapishe. Wakati huo huo jua kwamba tangu mapema 2025 VS Code humuuliza mtumiaji kama anamwamini mchapishaji mara ya kwanza. Hazina iliyo wazi na README iliyoandikwa kwa uangalifu ndizo zitakazomfanya akubali.

*"Naweza kukusanya takwimu za matumizi?"*

Ukweli ni kwamba huna haja nazo mwanzoni. Maduka hukuonyesha idadi ya usakinishaji au upakuaji. Ukikusanya, heshimu mpangilio wa mtumiaji kwa kusoma `isTelemetryEnabled`, na eleza unachokusanya. Taarifa zinazomtambulisha mtu zinaangukia chini ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, na sheria hiyo haiangalii kama wewe ni mwanafunzi.

Mpango wa kazi

Siku ya kwanza, bila intaneti (ukishakuwa umepakua `@vscode/vsce`):

1. Kamilisha `package.json`, README, leseni na nembo.
2. Endesha `vsce ls`, usafishe `.vscodeignore`.
3. Fungasha, kisha usakinishe faili hiyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ikikataa kwake, bado hujamaliza.

Siku ya pili, ukiwa na bando:

1. Unda mchapishaji kwa Microsoft, upakie kwa kivinjari.
2. Fungua akaunti ya Eclipse, sajili jina lile lile, uchapishe Open VSX, uombe umiliki.
3. Weka faili kwenye ukurasa wa matoleo wa GitHub.

Wiki inayofuata:

1. Tuma viungo kwa wale watu kumi uliowataja mwanzoni.
2. Jibu kila tatizo watakalofungua, hata kama jibu ni "bado".
3. Toa 0.1.1.

Hilo la mwisho ndilo litakalokupa watumiaji wa kumi na moja na kuendelea. Anayefika kwenye ukurasa wako hutazama tarehe ya toleo la mwisho kabla ya kusoma kitu kingine, na kiendelezi ambacho mwenyewe alikiacha tangu siku alipokichapisha hakimshawishi, hata kiwe duka gani.